Kikombe Kifudifudi

Mdogo wangu alikuwa amechanjwa homa ya ini mara tatu, kwa tarehe zilizopangwa, na kadi yake ilikuwa na mihuri mitatu. Siku sindano yenye damu ya mgonjwa ilipomchoma kidole kazini kwake Kibondo, damu yake ilipimwa ili ijulikane ana kinga kiasi gani. Karatasi ya majibu ilionyesha hana. Si kwamba ilikuwa kidogo. Mashine haikuona kitu cha kuhesabu.

Karatasi hiyo ninayo mpaka leo, imebanwa kwenye daftari langu. Kazi yangu ni kukusanya habari za redio pale Kasulu, na nimezoea kuandika tarehe, saa, na maneno ya mtu jinsi alivyoyatamka. Nitaeleza mambo yalivyofuatana, pamoja na pale nilipokosea mimi mwenyewe.

Mama yetu anaishi Makere, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma yenye migomba nyuma na shamba la maharage mbele. Kwenye kona ya nyumba, upande wa jikoni, ulikuwapo mti wa umubirizi. Ni mti mfupi, karibu kichaka, na majani yake ni machungu kiasi kwamba ukiyashika asubuhi kisha ukasahau ukalamba kidole, uchungu unakaa mdomoni mpaka ugali wa mchana. Bibi yangu alipovuka mpaka kutoka Burundi, alibeba tawi la mti huo ndani ya mzigo wa nguo. Alipofika alikuta umubirizi umejaa kila ukingo wa shamba. Hata hivyo alilipanda tawi lake, na kila tulipohama, lilikatwa lingine likapandwa kona ya nyumba mpya.

Kwetu mtu haendi kuchomwa sindano kabla hajanywa kikombe kimoja. Mama alifundishwa hivyo na mama yake: sindano inaingiza kitu kigeni mwilini, kwa hiyo damu lazima iamshwe kwanza ndipo iweze kukipokea. Alifikicha majani mabichi kwenye bakuli la maji mpaka povu la kijani likapanda kama la sabuni. Wengine huliengua povu. Mama alikuwa akilimimina lote kikombeni, akisema dawa yenyewe ndiyo hiyo.

Kulikuwa na jambo jingine, nalo ndilo lililotufikisha tulipofika. Ukimaliza kunywa, unarudisha kikombe kwenye sinia kifudifudi. Maana yake kimeisha. Hakuna anayekiinua kutazama. Kukiinua ni kumwambia mwenzako kwamba ni mwongo, na nyumbani kwetu sijawahi kumwona mtu akifanya hivyo.

Mdogo wangu alipokuwa mwaka wa mwisho wa chuo, akisomea maabara pale Kasulu, wanafunzi wote walitakiwa wachanjwe homa ya ini kabla ya kuanza kushika damu za watu. Muuguzi aliyekuwa akichanja alikubali kuwachanja na ndugu waliokuwa wakiishi nyumba moja na wanafunzi, kwa kuwa dawa ilikuwapo ya kutosha. Wakati huo mimi nami nilikuwa nikilala kwa Mama. Kwa hiyo tulikwenda pamoja mara tatu: mwanzo, baada ya mwezi, na baada ya miezi sita. Kila safari sisi wawili tulichomwa kutoka chupa moja, mimi nikifuata nyuma ya mdogo wangu kwenye foleni.

Na asubuhi zote tatu Mama alituandalia vikombe.

"Mwakeye, Mama," tulimwamkia kwa Kiha.

"Mwakeye. Njooni mnywe upesi, gari halitawangoja."

Mimi nilikunywa pale pale jikoni, nimeziba pua. Mdogo wangu alikuwa akichukua chake na kutoka nje, akizunguka nyuma ya nyumba.

"Dada yako anakunywa kama maji," Mama alikuwa akimpigia kelele kupitia dirishani. "Wewe kila siku unakimbilia migombani!"

"Mama, nikinywa mbele ya watu nitatapika. Unataka nitapike jirani akiniona?"

"Tapika. Nitakuongezea kingine."

Baada ya dakika mbili alirudi akijifuta midomo kwa mgongo wa mkono, akakilaza kikombe kifudifudi kwenye sinia karibu na changu.

Safari ya pili kwenda kuchanjwa, muuguzi alipotoa chupa kwenye deli la barafu niliona imegandamana na kipande cha barafu. Aliibandua, akaisugua kati ya viganja mpaka ikawa safi, kisha akavuta dawa. Kwenye daftari niliandika: *chupa ina barafu*. Sikuuliza. Nilikuwa nimekuja kuchanjwa, sikuja kutafuta habari.

Mdogo wangu alimaliza chuo, akapata kazi Kibondo. Mambo yalikwenda vizuri karibu mwaka mzima, mpaka mchana mmoja aliponipigia simu.

"Dada, nimejichoma."

"Na nini?"

"Sindano. Nilikuwa nimeshamtoa damu mama mmoja, naiziba sindano, akashtuka, akavuta mkono akanigonga, ikanigeukia."

"Huyo mama ana nini?"

"Kipimo chake cha homa ya ini kimetoa mistari miwili, dada."

Mistari miwili maana yake mgonjwa anayo. Nilipanda gari la kesho yake alfajiri.

Mkuu wake wa maabara ni mtu mzima wa pwani, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akilalamikia baridi ya huku na mboga isiyotiwa nazi. Nilipompa shikamoo aliitikia huku akiendelea kuongea na simu, akiita hospitali moja baada ya nyingine. Alipokata simu aliniangalia.

"Kibondo imeninyima nazi, imeninyima papa na nguru. Kijana wangu huyu siipi."

Alinieleza kwa utaratibu. Damu ya mdogo wangu ilikuwa imepelekwa mbali kwenda kupimwa kiasi cha kingamwili, yaani zile chembe ambazo mwili hutengeneza baada ya chanjo ili zimkamate mdudu akiingia. Zikifika kumi kwenye kipimo chao, mtu amekingwa, anaendelea na kazi. Zikiwa chini ya hapo, atahitaji msaada wa haraka. Akachukua fomu, akaanza kumuuliza mdogo wangu maswali. Kulikuwa na la ugonjwa wa sukari, na la mimba. Kisha akafika kwenye lile nililoandika neno kwa neno.

"Kuna dawa yoyote unatumia, au ulitumia wakati wa chanjo? Hata ya miti?"

Mdogo wangu aliangalia sakafu. "Mama hutupatia umubirizi kabla ya sindano."

Mkuu aliandika. Mimi ndiye niliyeruka.

"Mti unaweza kuzuia chanjo?"

Aliweka kalamu chini. "Jani moja lina vitu vingi ndani yake, dada yangu. Kuna vinavyowaamsha askari wa mwili wakatengeneza kingamwili kwa wingi. Kuna vinavyowatuliza wakatengeneza chache. Na kuna ambavyo kidogo chake kinaamsha na kingi chake kinatuliza. Miti mingi imejaribiwa kwa panya. Lakini mti wenu huu na chanjo hii, kwa watu, mimi sijasoma popote kwamba kuna aliyepima."

Niliyaandika yote hayo. Leo nikifungua ukurasa ule, sentensi zote zipo, kila moja kwenye mstari wake. Kichwani nilitoka na neno moja tu: *vinavyowatuliza*.

Majibu yalikuja siku ya tatu. Kingamwili hakuna.

Siku ya nne asubuhi deli dogo lilishushwa kwenye basi lililotoka Mwanza. Ndani yake kulikuwa na kingamwili zilizokwisha kutengenezwa, zilizotolewa kwenye damu ya watu wengine wenye kinga. Mkuu alilifungua deli mwenyewe, akasoma kipimajoto, akageuza chupa mara mbili mwangani kabla ya kuridhika. Mdogo wangu alichomwa hizo, na mkono wa pili akaanzishiwa chanjo upya, dozi ya kwanza ya tatu nyingine.

"Hizi ni za kuazima," mkuu alimwambia huku akimkanda bega. "Zitakaa miezi michache zipotee. Kabla ya hapo mwili wako ujifunze kutengeneza za kwako. Haya, rudi kazini, na usizibe tena sindano kwa mikono miwili kama unafunga chupa ya soda."

Kwa hiyo yalibaki mambo mawili ya kungoja, na yote mawili yangechukua miezi: kama mdudu aliingia, na kama safari hii mwili wake ungeitikia.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Makere kumweleza Mama. Ningeweza kumwambia kwamba mdogo wangu amejichoma na anatibiwa, nikaishia hapo. Lakini nilikuwa na habari, na mtu mwenye habari huwashwa ulimi.

Mama alikuwa amekaa mkekani akichagua maharage. Nilimweleza yote mpaka kwenye karatasi ya majibu. Kisha nikasema, "Mkuu wake wa maabara anasema kuna miti inayoituliza kinga ya mwili. Huenda ni umubirizi."

Mkono wake ulisimama juu ya ungo. "Alisema ni umubirizi?"

"Alisema huenda."

Hakusema huenda. Neno hilo nililiongeza mimi.

"Vikombe vitatu," Mama akasema. Alimaliza maharage yote, akatenga yaliyotobolewa upande mmoja, akainuka kwenda kupika.

Asubuhi niliamshwa na sauti ya panga. Nilipotoka nje mti ulikuwa chini. Alikuwa ameukata karibu kabisa na ardhi, matawi ameyarundika mbali na migomba, na sasa ananawa mikono kwa sabuni. Alinawa, akasuuza, akapaka sabuni tena.

"Mama, hukuwa na haja ya kuukata."

"Niuache wa nini? Niwe napita pale kila asubuhi naukuta umesimama?"

Tangu siku hiyo hakumpa mtu yeyote jani. Wanawake wa jirani walikuwa wamezoea kuja kwake, kwa sababu yeye ndiye aliyejua kiasi cha mtoto, cha mjamzito, na nani asipewe kabisa. Nilikuwapo siku mmoja wao alipokuja amebeba mgongoni mtoto mwenye homa.

"Mpeleke zahanati," Mama alimwambia kabla hajaketi.

"Kwani umubirizi wako uko wapi?"

"Nimeukata."

"Basi nikate wangu nije nao, unifikichie."

"Nimesema mpeleke zahanati."

"Makubwa! Leo umekuwa nesi?"

"Nimekuwa mtu anayeogopa. Nenda, mama, jua linapanda."

Mwanamke yule aliondoka akicheka, lakini Mama hakucheka. Mtoto alikutwa na malaria, akapewa dawa, akapona. Mama aliposikia hivyo alitikisa kichwa tu, kana kwamba ni ushahidi mwingine umeongezwa juu ya ule wa kwanza.

Mtu aliyeugua homa ya ini anaweza kuanza kuonekana machoni, nyeupe ya jicho ikageuka njano. Mama alilijua hilo tangu kambi ya wakimbizi walikokaa zamani, alikowaona watu wa namna hiyo. Kwa hiyo kila Jumapili baada ya ibada ilikuwa lazima mdogo wangu apige picha ya macho yake na kuituma. Mama aliisogeza simu dirishani, akaigeuza huku na huku, akaniuliza mimi ninayeona vizuri.

"Hii nyeupe ni nyeupe?"

"Ni nyeupe, Mama."

"Isije ikawa ni mwanga wa Kibondo tu."

Nilijaribu mara mbili kumrudishia maneno ya mkuu wa maabara kama yalivyokuwa, yale ya kuamsha pamoja na ya kutuliza. Alinisikiliza. Lakini nilichokuwa nimekipanda kilikuwa kimeshaota. "Unanionea huruma," alisema. "Ungesema hivyo siku ya kwanza."

Dozi ya pili ilipita. Ya tatu ikapita baada ya miezi sita. Kipimo cha mdudu kilitakiwa kipimwe pamoja na cha kinga, mwezi na nusu baadaye, ili za kuazima ziwe zimekwisha kabisa na zitakazoonekana ziwe za kwake mwenyewe.

Simu ilinikuta soko la Kasulu, naongea na wauza nyanya kuhusu barabara.

"Dada, uko wapi?"

"Sokoni."

"Kaa chini kwanza."

"Nikae wapi, juu ya nyanya? Sema!"

"Sina mdudu. Na kinga ninayo. Mia nne na kitu, dada! Walitaka kumi!"

Nilikaa kweli. Nilikaa juu ya gunia la viazi la mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu, na sikujua kwamba nalia mpaka aliponigusa bega.

"Dada, pole na msiba. Ila hivyo ni viazi, si kochi."

"Si msiba," nilimwambia. "Ni mdogo wangu, amepona kabla ya kuugua."

Alinitazama kama mtu aliyechanganyikiwa, kisha akasogea akanipisha nikae vizuri.

Jumamosi tulikutana Makere, mimi nikitoka Kasulu na mdogo wangu akitokea Kibondo. Alikuja na karatasi ndani ya bahasha ya kaki. Mama hakutaka kuisikia tukiwa tumesimama. Alitandika mkeka, akavaa kitenge cha ibada juu ya gauni la nyumbani, akakaa. Mdogo wangu alisoma mstari kwa mstari, na kila mstari akautafsiri kwa Kiha.

"Mawe!" Mama alishangaa kwa Kiha, akapiga makofi mara moja, akafunika uso. Kisha akasema nyuma ya viganja, "Mungu amenisamehe vile vikombe."

Nilimwona mdogo wangu akiikunja karatasi, mara mbili, mara nne, mpaka ikawa ndogo kama pipi.

"Mama, mimi sikunywa."

"Hukunywa nini?"

"Vikombe vile. Hata kimoja. Nilikuwa namwagia migomba."

Mama alitoa mikono usoni.

"Vyote vitatu?"

"Vyote."

"Na kikombe unarudisha kifudifudi."

"Ndiyo, Mama."

Mama aligeuka akaitazama migomba. Nami niliitazama. Ilikuwa imesimama palepale nyuma ya nyumba, mmoja mkubwa umeegemezwa kwa mti kwa uzito wa mkungu. Mwaka ule ugonjwa wa mnyauko ulikuwa umepita Makere ukaua migomba ya watu wengi, na ya Mama ulikuwa haujaigusa.

"Kwa hiyo," Mama akasema taratibu, "mimi nilikuwa nachanja migomba."

Kicheko kilimtoka ghafla, kikamshinda. Alicheka akiwa ameshika kiuno, akicheka na kulia, na kila alipotaka kunyamaza aliitazama migomba akaanza upya. Kisha akavua kitenge, akampiga mdogo wangu nacho mgongoni, mara moja, mara mbili.

"Miezi minane! Miezi minane nakuangalia macho kwenye simu kama mchawi! Nimekata mti wa mama yangu! Kwa nini hukusema?"

"Mkuu wangu aliuliza, nikasema unatupatia. Ni kweli ulikuwa unatupatia. Na dada alikuwa amesimama pale na daftari lake, ningesemaje kwamba namwaga? Nikasema nitakwambia wewe mwenyewe. Kisha nikasikia umeukata. Baada ya hapo kila nikitaka kusema naona imekuwa vibaya zaidi kuliko jana."

Mama alinigeukia mimi. "Na wewe, mtangazaji. Unauliza wabunge mpaka wanatoka jasho. Mdogo wako hukumuuliza?"

"Alisema unatupatia, Mama."

"Nilitoa. Nani alikwambia alikunywa?"

Nilirudi kwenye daftari usiku huo na kweli, hakuna palipoandikwa kwamba alikunywa. Nilikuwa nimelisoma ambalo halikuandikwa, kwa sababu nilikiona kikombe kifudifudi, na mimi ni mtoto wa nyumba ile.

Kabla ya chakula Mama alikwenda kwenye kona ya nyumba. Shina lilikuwa limechipua pande tatu, vijiti vyekundu vyenye majani madogo. Alikuwa anayajua machipukizi hayo, maana majani makavu yalikuwa yameondolewa kuyazunguka. Alimimina maji ya kunawia juu yake, akarudi ndani akiimba kwa sauti ya chini. Nilikuwa sijamsikia akiimba jikoni tangu siku ya panga.

Ningependa kuishia hapo. Lakini kesho yake, tukingoja gari barabarani, mdogo wangu aliniambia jambo jingine.

"Dada, zile dozi tatu za mara ya pili, za Kibondo. Kabla ya kila moja nilikunywa."

"Ulikunywa nini?"

"Umubirizi. Kuna mama anauza majani sokoni. Nilifikicha mwenyewe, nikanywa na povu lote. Nilidhani yale yamenipata kwa sababu nilimdanganya Mama."

Nilifungua daftari pale pale barabarani, safari hii nikauliza swali la pili, la tatu, na la nne. Kikombe kizima? Kizima. Mara tatu? Mara tatu. Kuna aliyekuona? Hakuna.

Nilipanda naye gari mpaka Kibondo, na tulipomweleza mkuu wa maabara, alicheka mpaka akavua miwani.

"Yaani mara ya kwanza hakunywa, kinga haikuja. Mara ya pili kanywa, kinga imekuja. Ukitangaza hivyo redioni, wiki ijayo Kibondo nzima haina jani hata moja!"

"Lakini ndivyo ilivyokuwa," nilisema.

"Ndivyo ilivyokuwa kwa mtu mmoja. Kwa mtu mmoja hujui ni nini kimefanya nini." Akavaa miwani, akawa mtu wa kazi tena. "Nikwambie kitu, ila ukiandike chote. Lile povu la mama yenu, miti mingi inalo. Kuna mti mmoja wa Amerika ya Kusini ambao gome lake hutoa povu kama hilo. Hicho kinachotoa povu husafishwa, kikapimwa, kikatiwa kwenye baadhi ya chanjo, ili mwili uitikie kwa nguvu na kutengeneza kingamwili nyingi."

"Basi Mama hakukosea!"

"Sijasema hivyo. Andika kwamba sijasema hivyo. Lile linachomwa pamoja na chanjo, kwa kiasi kinachojulikana. La mama yenu limepita tumboni, na hakuna anayejua kilichofika upande wa pili. Na kuna miili ambayo chanjo ya kwanza inaikataa tu, ya pili inaikubali, bila jani wala povu."

Nilimsomea ule mstari wa zamani kuhusu chupa yenye barafu.

"Chanjo hii ikiganda imeharibika," alisema. "Hata ikiyeyuka, kwa macho ya haraka huoni tofauti. Siku nyingine mbili uliangalia?"

"Sikuangalia."

"Na wewe ulichomwa chupa hizo hizo?"

"Hizo hizo. Nilikuwa nyuma yake."

"Vikombe ulikunywa?"

"Vyote. Mbele ya Mama."

"Umewahi kupima?"

Kabla sijajibu alikuwa ameshanyoosha mpira wa kufungia mkono. Mdogo wangu ndiye aliyenitoa damu. Alifanya taratibu sana, akaitupa sindano kwenye boksi lake bila kuiziba, akanionyesha kwamba hakuiziba.

"Hata ikija kwamba huna," mkuu aliniambia, "inaweza kuwa ilikuwapo ikapungua. Na ikija kwamba unayo, wewe nawe ni mtu mmoja."

Nimeliandika hilo pia.

Sasa mti wa Mama umefika magotini. Mdogo wangu hatumi tena picha za macho, isipokuwa siku akitaka kumchokoza. Jirani yule amerudi kuomba majani, na Mama amemwambia asubiri. Simu ya Jumapili imebaki kwangu. Mama anaanza kwa kunisalimia, ananiuliza kazi, mvua, kama nimekula, kisha anauliza kama karatasi yangu ya majibu imerudi.

Wiki ya tatu sasa. Haijarudi.